Makubadhi Nyuma ya Kitanda

Majuzi nilipanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na tafadhali usicheke. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Faza wananiita Bi Kizingiti, kwa kuwa safari yangu ndefu huanzia jikoni na kuishia mlangoni, tena nikifika mlangoni hukaa nikapumzika. Lakini asubuhi ile mama alikuwa akitafuta pumzi haipati. Maji ya pwani kwetu yalikuwa yametoka, boti zimelala kwenye tope, na boti ya Lamu ilikuwa inaondokea Mtangawanda, upande wa pili wa kisiwa. Kijana wa jirani akaileta pikipiki yake mpaka mlangoni.

"Mama katikati, Bi nyuma," akasema. "Na usifumbe macho, utamwangusha."

Nilifumba. Mkono mmoja nimemkumbatia mama, wa pili nimeshika makubadhi yake, vile viatu vya ngozi vya kushonwa Siyu. Kwa nini niliyashika mkononi badala ya kuyatia mfukoni? Hapo ndipo aliponijia bibi.

Nilipokuwa mdogo, mgonjwa hakutoka Faza kimyakimya. Bibi aliteleza kisimani akaumia nyonga, asiweze hata kugeuka. Baba alisimama uchochoroni akaita neno moja tu: "Mabega!" Hakusema nani anaumwa wala anapelekwa wapi. Wanaume wakatoka milangoni, mmoja bado ana hamri mdomoni, mwingine anafunga kikoi huku anakimbia. Kitanda cha kamba kikafungwa miti ya mikoko ubavuni, bibi akalazwa juu, na wanawake wakaleta mto uliofukizwa udi, ndizi mbivu, na birika la kahawa ya tangawizi ambayo hadi leo nikiinusa miguu huniwasha.

Mtoto wa nyumba ile alipewa kazi yake. Alifuata nyuma ya kitanda amebeba viatu vya mgonjwa, na viatu vile havikuwekwa chini hata mara moja mpaka mwenyewe asimame ndani yake. Wakubwa walisema vikitua bila ya mwenyewe, miguu yake husahau kurudi. Mimi nilivibeba kichwani hata nilipoingia kichakani kujisaidia. Usidhani ni imani. Nilikuwa namwogopa bibi.

Maana bibi, ingawa nyonga imeteguka, ulimi ulikuwa mzima. "Wewe wa kulia," alimwita mchukuzi, "mama yako hakukunywesha uji? Mbona upande wangu unazama?"

"Bi, ni ndia hii ina mashimo, si mimi."

"Ndia haina bega! Nyanyua!"

Tulipokaribia Siyu, watu waliokuwa mashambani walikiona kitanda wakatupa majembe. Waliingia chini ya miti wakapokea, kitanda kikiwa kinakwenda vilevile. Ndipo wakauliza: nani huyu, ana nini, tangu lini? Tulipofika Mtangawanda nusu ya kisiwa ilikuwa inamwombea dua bibi yangu, na nusu ya pili inasimulia alivyowatukana wachukuzi. Alirudi anachechemea, akavaa makubadhi yake penye lango la mji, akanikagua kichwani kama sikuyachafua.

Lakini nisikudanganye kwa utamu wa ile kahawa. Mwaka uliofuata kitanda kilekile kilimbeba jirani yetu, mama wa mwenzangu wa darasani, aliyeshikwa na uchungu wa uzazi ukamkatalia. Mabega yalikuwa mengi siku hiyo, mengi kuliko ya bibi. Walikimbia nusu ya njia. Kabla ya kufika Siyu kitanda kiligeuzwa. Nilimwona mwenzangu akirudi nyuma yake, viatu amevikumbatia kifuani, hajaviweka chini, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia sasa anaweza kuviweka.

Baadaye mwalimu wetu alichora gari ubaoni. Akatueleza kwamba jembe ni mkono wa mtu uliorefushwa, miwani ni jicho lake lililoongezwa nguvu, na gari ni miguu na mgongo wake, ila haichoki wala haiombi maji. Sisi wengine tulikuwa tunacheka, kwa kuwa gari la mwalimu lilifanana na punda aliyemeza sanduku. Yule mwenzangu akanyoosha kidole. "Mwalimu, litakuja lini?" Mwalimu aligeuka akafuta ubao, akakaa anafuta mpaka kengele ikalia.

Lilikuja. La kwanza nililoliona lililetwa kwa mashua, limefungwa kamba kama mbuzi wa Idi, na bibi akasema macho yake makubwa lakini halimwamkii mtu. Kisha zikaja pikipiki. Njia ikapanuliwa, na kitanda chetu kikawa cha kuanikia samaki. Hakuna aliyekililia, mimi pia sikukililia.

Basi ndiyo hiyo miguu iliyorefushwa niliyoipanda na mama. Njia ya mchana mzima tuliila kabla jua halijakolea. Pale Siyu watu walimpungia mkono dereva, naye akawapigia honi. Tukapiga shimo, na kubadhi moja likaniponyoka.

"Simama! Kiatu cha mama!"

"Bi," akasema bila kugeuka, "kiatu au mama?"

Hakuwa amekosea. Tuliiwahi boti. Lamu daktari alisema tungekawia kidogo tu angekuwa anatupa pole. Niliiombea dua injini ya pikipiki kwa jina la Mtume, nikaona haya, nikaiombea tena.

Siku kadhaa baadaye, mama bado yuko wodini, jirani wa mlango wa pili akanipigia simu. "Bi Kizingiti! Mbona mlango umefungwa? Mmekwenda arusini bila sisi?" Simu ilikuwa na sauti kubwa, mama akasikia. Aligeukia ukutani. Akauliza taratibu, "Kwani hakuna anayejua kama niko hapa?"

Jana nilirudi kumchukulia kanga zake, kwa pikipiki ileile, safari hii macho wazi. Mwisho wa Siyu niliona kubadhi limetundikwa juu ya mti wa ua, mbali na ardhi, limefutwa vumbi. Nikamwambia kijana asimame. Bi kizee akatoka ndani na kanga yake kichwani.

"Ni lako, mwanangu?"

"La mama. Yuko Lamu, mgonjwa."

"Mgonjwa?" Alilishusha akanikabidhi kwa mikono miwili. "Nililiona barabarani, nikasema hili lina mwenyewe. Alipita hapa?"

"Alipita."

"Hapa mlangoni kwangu?" Akaitazama pikipiki, akaitazama njia, akanirudia mimi. "Mbona hatukusikia?"

Kijana alikuwa hajazima injini. Nililiweka kubadhi kichwani pamoja na la pili nililokuwa nalo mkononi, Bi Kizingiti mzima mbele za watu, nikapanda. Faza nilishuka uchochoroni kwetu, penye milango ileile, na nilifungua kinywa niite. Neno la baba nililijua. Sikujua kama yupo mtu wa kulisikia.

Lakini mama bado yuko Lamu, na makubadhi yote mawili sijayaweka chini. Nikaita.