Mpapai wa Uani

Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, choo kimoja na mpapai mmoja uani. Miaka ile ya hamsini, mke wa kuli aliyepanga chumba cha mwisho alikuwa na mimba changa, ikaharibika. Akalala siku mbili bila kukandwa.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mkunga wetu. Wapangaji wote alitukanda yeye: maji ya moto, kisha mkaja wa kufunga tumbo. Safari hii alikaa tu uani akikuna nazi.

"Mimi nakanda mzazi," alisema. "Yule katoa."

"Nani kakwambia, bibi?" nikamuuliza.

"Papai bichi halianguki lenyewe, mwanangu. Ukilikuta chini, tafuta upondo uliolichokoa."

Wapangaji wenzangu tuliokaa nao uani wakaitikia, eeh, kweli. Hasira zilinipanda, maana dirisha la mgonjwa lilikuwa hapo hapo, juu ya vichwa vyetu. Lakini bibi naye nimpe haki yake: hakuwa mtu mbaya, na shaka yake haikutoka hewani. Yule dada alikwenda kwa mganga Magomeni, mimi mwenyewe nilimwona akipanda basi. Alifuata dawa gani, sikumuuliza. Huenda ya kuishikilia mimba, huenda ya kuitoa.

Ila habari ya mpapai ilinishinda kumeza. Niliinama nikaokota vipapai viwili vichanga vilivyoangushwa na upepo. "Haya bibi, na hivi kavichokoa nani?"

Nilijiona nimeshinda. Bibi hata hakuinua uso.

"Hivyo vimeanguka vyenyewe, nakubali. Basi watupie kuku. Umeona wapi mtu akaukanda mpapai?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. "Kaufungie mkaja mpapai wako, shoga!"

Sikujua nimkasirikie nani kwanza. Nimeishia darasa la nne, labda kuna hoja iliyonipita. Lakini naona mfano wake ulikuwa mbovu, na wangu haukuwa mzima. Mpapai haupati homa. Hauumwi mgongo. Hausikii unavyosemwa. Tulikuwa tunabishania tunda, na mtu anavuja damu nyuma ya ukuta!

"Bibi," nikasema, "tuseme katoa. Tuseme. Sasa tumbo lake haliumi?"

"Usinifundishe kazi."

"Sikufundishi. Nakuuliza."

Akaendelea kukuna nazi. Nikabandika sufuria yangu ya maji jikoni, na hakuna aliyenisogezea hata kuni.

Nilimkanda ovyo ovyo, kwa kukumbuka mikono ya bibi ilivyopita mwilini mwangu. Yule dada aliuma pindo la kanga. Kisha akaniuliza polepole, "Na wewe unaamini nimetoa?"

"Sijui," nikamwambia. Maji yalikuwa yanapoa. "Geukia huku."