Valisi Tupu ya Kumrudisha Ornella

Acha niseme mwenyewe kabla majirani hawajaniwahi: mwezi uliopita nilifunga safari kutoka hapa Cibitoke hadi upande wa Gitega, valisi tupu ya nguo mkononi, kwenda kumwokoa binti yangu Ornella kutoka shule ya bweni. Hakuna aliyeniita. Mtoto alikuwa amepiga kwa simu ya mlezi wao, akaniambia kwa Kiingereza kwamba yuko kama samaki aliyetolewa majini, na simu ikakatika. Mama yake akasema, “Ngoja kwanza apige tena.” Nani angoje? Kesho yake asubuhi nilikuwa ndani ya gari.

Usemi huo naujua. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha tukiwa sekondari, darasa zima likaangua kicheko, maana kwetu Bujumbura samaki akitoka majini hana huzuni yoyote: anaelekea kwenye mafuta, na ndizi na pilipili zinamsubiri. Mwalimu akatueleza kwa subira kwamba Waingereza humsema hivyo mtu aliyewekwa mahali pasipo pake. Kila kitu kipo, lakini mwenyewe hatulii. Hapo mimi nikaacha kucheka. Nilishakuwa samaki huyo, na mbali nilikokuwa nimepelekwa ni Kinanira tu, mtaa mwingine wa mji huu huu.

Sisi tuliokulia Cibitoke wakati ule tulikuwa watoto wa kelele. Tuliamshwa na mafundi wakigonga vyuma, pua ikapata moshi wa makaa na ndagala wa kukaanga kabla macho hayajafunguka. Mpira wetu ulikuwa wa majani makavu ya migomba. Ukilowa unakuwa jiwe, na mjinga anayeupiga kichwa (mara nyingi mimi) anashinda kesho yake kitandani. Jioni tulicheza kujificha hadi mama wa yeyote yule akutoe nyuma ya pipa kwa sikio. Kila mama alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, na kila mama alikuwa na sahani yako.

Likizo kubwa moja shangazi akaniomba nikakae kwake Kinanira. Maziwa kila asubuhi, mkate wa siagi, kitanda cha peke yangu, mimi niliyezoea kulala na mguu wa kaka yangu shingoni. Basi kile kimya chao kikaniingia tumboni. Nikaumwa kichwa, nikaumwa tumbo, shangazi alipoleta vidonge nikaumwa goti. Nilishinda getini kama mlinzi hadi mama akaja. Alinitazama mara moja tu, akamwambia shangazi, “Usimupatie dawa. Huyu mutoto anagonjwa nyumba.”

Ugonjwa haukupona. Nilipopata nafasi ya shule ya bweni, nilisusa kula hadi wakaniacha nyumbani. Nikasoma karibu na sufuria ya mama, sekondari ikaisha, na leo natengeneza redio na pasi umbali wa kutupa kiatu kutoka nilipozaliwa. Kwa hiyo Ornella aliposema samaki, nilijua niende na nini: valisi ya kubebea nguo zake.

Nikamkuta uwanjani anaruka kamba, anacheka kwa sauti. Aliponiona, kamba ikamponyoka.

“Papa! Nani amekufa?”

“Apana, mwanangu. Nimekuja kukuchukua. Si ulisema uko kama samaki?”

“Papa! Ile ilikuwa devuari ya Kiingereza! Mwalimu alitupa hiyo kazi, kila mutu aiseme kwa mutu wa nyumbani.”

Akaipokea valisi, akaifungua, akatazama ndani, akanitazama mimi.

“Na hata biskuti hakuna?”

Wenzake wakacheka. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nikamvuta pembeni, nikamwambia taratibu kwamba hata hivyo, kama anataka, gari la jioni bado lipo. Akanishika mkono kama mtu anayemshika mgonjwa.

“Mi nabaki, Papa.”

Watoto wa siku hizi! Wanalala popote, wanakula chochote, na ukiwauliza kama wamekukumbuka wanauliza umewaletea nini. Enzi zetu kulilia nyumbani ilikuwa nusu ya adabu. Lakini pia nyumbani penyewe palikuwa na cha kulilia. Siku hizi mageti yamefungwa, kila mtoto na simu yake ndani. Unaweza kukaa mlangoni jioni nzima bila kusikia mama yeyote akiita jina la mtoto asiye wake. Na kwangu mimi, hata wa kumwita hayupo.

Niliporudi, jirani yetu Mama Shabani, anayeuza mandazi mlango wa pili, aliiona valisi akauliza. Nikamsimulia yote. Alinisikiliza bila kuacha kugeuza mandazi yake, kisha akasema:

“Papa Ornella, huyo mutoto aliacha kunyonya zamani. Ni weye bado.”