Pembe Ililia Siku ya Mkaguzi

Juzi nilikuwa Hedaru nasubiri basi, lori moja likapiga honi nene, ndefu, nikajikuta nimesimama natafuta jembe. Msinicheke. Kwetu milimani, enzi za Mwingereza, pembe ikilia namna ile ilikuwa ni msaragambo: kila nyumba itoe watu wa kazi, na isiyotoa inanyimwa zamu ya maji.

Asubuhi ile ililia wakati mbaya kabisa. Ukuta wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mahindi, ulikuwa umepasuka. Na siku hiyohiyo mkaguzi wa shule alikuwa anapanda mlima. Mwalimu alishatuambia wazi kwamba akikuta hatujui kusoma, au wazazi hawajali, shule itafungwa tuhamie ya Hedaru, huko bondeni. Wavulana wangeteremka. Sisi wasichana tungeishia jikoni, na bibi yangu alishasema hivyo bila kumung'unya maneno. Kwake shule ilikuwa mali ya Mwalimu, kama mwavuli wake.

Darasani hakubaki mtu. Mama alikuwa na kichanga, kwa hiyo nyumba yetu iliwakilishwa na bibi na mimi. Nilibeba udongo kichwani huku nikichungulia njia ya Hedaru. Mwalimu alisimama kidogo mlangoni mwa darasa tupu, kisha akajitwika ubao, akaja nao bwawani na kuuegemeza kwenye mgomba.

Mkaguzi alifika viatu vimejaa tope, uso kaukunja.

"Mwalimu, hii ndiyo shule?"

"Kwa leo ndiyo hii, bwana."

Hakucheka. Alichukua chaki, akasema hataki mambo ya kukariri, akaandika, akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa na matope hadi magotini. Herufi zilinicheza machoni. Nikajikaza, nikasoma kwa sauti: "Maji haya ni ya nani?"

Majembe yalisimama. "Yetu," watu wakaitikia, wakidhani nawauliza mimi.

Akafuta, akaandika tena. Nilipoyaona maneno yale nilitamani nijifanye sijui kusoma.

"Na shule hii ni ya nani?"

Nikasikia maji yakivuja ukutani. Wazee waliangalia miguu yao, na Mwalimu akaangalia ubao. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu jibu la nyumbani kwetu nililijua.

Bibi akatua karai lake.

"Pembe ilipolia ya kuijenga, mawe ya msingi wake niliyabeba kwa kichwa hiki. Itakuwa ya nani tena? Ni yetu. Mjukuu wangu, mwandikie hapo, asome na yeye."

Nikaandika. Mkaguzi alisoma, akaitikia kwa kichwa polepole, akaomba maji ya kunawa.

Shule haikufungwa. Kwa miaka mingi nilitamba kwamba niliiokoa mimi kwa kusoma vizuri, na wenzangu wakachoka kunisikiliza. Ni mpaka nilipokuwa mwalimu mwenyewe, nikisubiri wazazi ambao hawaji, ndipo nilipoelewa. Kwamba najua kusoma, mkaguzi alikwisha kuliona kwenye swali la kwanza. La pili halikuwa langu. Aliyefanya mtihani siku ile alikuwa bibi, ambaye hakujua hata herufi moja, na nadhani hata yeye hakulijua jibu mpaka alipojisikia akilisema.