Mama Alizeti na Njiwa wa Fundi Pampu

Mama Alizeti hakujaliwa mtoto. Hilo jina la mama alipewa na shamba lake. Alizeti zake zilianzia nyuma ya jiko zikaishia kwenye reli, na zilipochanua, abiria wa treni walitoa vichwa madirishani kuzitazama. Kabla ya hapo alikuwa dobi wa hospitali. Ujana wake uliishia kwenye mvuke, akifua na kukunja mashuka ya watu asiowajua, na alipostaafu alirudi nyumbani kwa marehemu baba yake akiwa na mikono yenye nguvu kama koleo na mdomo usio na breki.

Pamoja na shamba, baba yake alimwachia bunduki ya marisau, ile inayorusha chembe nyingi za risasi kwa mpigo mmoja. Mama Alizeti alihangaikia kibali mwenyewe mpaka kikatoka, kwa sababu alizeti zikishakomaa, njiwa-mwitu walikuwa wakizishukia makundi kwa makundi na kuzidonoa hadi vichwa vinabaki makapi. Hakuwachukia. Alisema ni wageni wazuri tu, ila hawajui kuaga. Basi wachache aliwapiga ili wengine waogope, na hao wachache wakaishia sufuriani.

Tatizo lilikuwa choki. Choki ni kibomba kifupi cha chuma kinachofungwa kwa nyuzi, kama skrubu, kwenye mdomo wa bunduki. Ikiwa nyembamba, marisau hutoka yamebanana na kufika mbali. Ikiwa pana, hutawanyika mapema. Baba alikuwa nazo tatu, lakini aliipenda nyembamba peke yake, na aliiacha mdomoni miaka nenda miaka rudi mpaka ikagandana na kutu. Yeye alikuwa akiwapiga njiwa wakiwa juu kabisa. Binti yake alijificha katikati ya alizeti, njiwa wakamjia karibu hata akaona macho yao. Akifyatua, ama alikosa kabisa, ama alimpata mmoja barabara mpaka hapakuwa na cha kupika.

"Mdogo wangu," dada yake mkubwa aliyekuwa akiishi naye alimwambia siku moja mezani, akitema kipande cha risasi kwenye kiganja, "hii ni supu au ni misumari?"

Kesho yake Mama Alizeti alihakikisha bunduki ni tupu, akaifunga kwenye blanketi, akaipeleka kwa Fundi Pampu.

Fundi Pampu alikuwa mgane, mwembamba, mwenye tabia ya kuongea na spana zake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya grisi, pampu zikiwa zimepangwa chini kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Alipofunguliwa blanketi, alipandisha miwani kwenye paji la uso na kurudi nyuma.

"Mama, mimi ni mtu wa pampu. Bunduki sijawahi hata kuigusa."

"Kwani hili si bomba? Kuna kitu kimekwama kwenye bomba. Kitoe."

Fundi alicheka, na kicheko kilimpendeza kuliko Mama Alizeti alivyotegemea. Alipaka mafuta, akaacha yalowe, akazungushia kitambaa cha moto, kisha akachonga ufunguo wake mwenyewe kutoka kwenye kipande cha bati nene. Choki ilipoanza kuzunguka ililia kama mlango mbovu, na wote wawili wakashusha pumzi kwa pamoja.

"Sasa nieleze," Fundi alisema akiikagua kwenye mwanga. "Kidude kama hiki kinakusumbua kitu gani?"

Mama Alizeti alichukua mpira wa maji uliokuwa pembeni, akaufungulia na kuubana mdomo kwa kidole gumba. Maji yakaruka mpaka ukutani. Akalegeza kidole, yakamwagika karibu na miguu yao, mapana.

"Ahaa!" Fundi alisema, suruali ikiwa imelowa. "Ungesema tangu mwanzo kwamba ni mambo ya maji."

Jumapili alikuja shambani kushuhudia majaribio, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Mama Alizeti alitundika mashuka makuukuu kwenye kamba, akasimama umbali ule ule ambao njiwa humjia, akapiga moja kwa kila choki. Kila mlio Fundi aliruka, ingawa alikuwa ameziba masikio. Choki nyembamba ilitoboa shuka tundu moja kubwa kama ngumi. Ya katikati ilichora duara zuri, upana wa sinia. Ile pana ilitapanya matundu kutoka pindo hadi pindo.

"Nachukua hii," Mama Alizeti alisema akigusa shuka la mwisho. "Hapa hakwepi mtu."

"Mimi ningechukua ya katikati," Fundi alisema taratibu. "Hii pana inafika hata kwa asiyehusika."

"Wewe si ni mtu wa pampu?"

"Haya, mama. Nimenyamaza."

Dada aliwaletea chai, akawaangalia wote wawili, akarudi jikoni akijichekea.

Wiki hiyo hiyo kundi kubwa lilishuka asubuhi. Mama Alizeti alimlenga njiwa mmoja wa kijivu, akafyatua. Wa kijivu alianguka. Lakini nyuma yake kidogo akaanguka mwingine, mweupe pe, akawa anapigapiga bawa moja kwenye mavumbi. Alipomwokota aliona pete mguuni, waya mwembamba wa shaba uliosokotwa vizuri. Waya wa aina ile aliuona wapi? Mezani kwa Fundi Pampu, umeviringishwa kwenye kigogo.

Alikaa chini palepale, njiwa mapajani. Angeweza kumtupa kwenye majani ng'ambo ya reli na asijue mtu. Wazo hilo lilimjia, na alilionea haya kabla halijaisha. Alivua kitambaa cha kichwani, akamfunga njiwa humo, akaondoka hivyo hivyo na vumbi la shamba miguuni.

Fundi alimpokea njiwa. Alilinyoosha lile bawa kwa vidole vilevile vya kufungulia valvu, akalitazama kwa muda.

"Ni wewe tena?" Fundi alisema hatimaye. Alikuwa akimwambia njiwa. "Nyumbani nakulisha mpaka unashindwa kuruka, bado unakwenda kudoea kwenye alizeti za watu?"

Mama Alizeti aliangua kilio. Hakuwa amelia tangu walipomzika baba yake. Fundi alibabaika, akashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, akampa ajifute. Lilikuwa tambara la grisi. Alipolishusha alikuwa na mstari mweusi kutoka jicho hadi kidevu.

"Mbona hukuniambia unafuga njiwa?"

"Ningekuambia, ungenialika kwenye mashuka?"

Walimfunga njiwa bawa kwa kipande cha kitambaa na kijiti chembamba. Risasi ilikuwa imempita kwenye nyama, mfupa ulinusurika. Kabla ya kuondoka, Mama Alizeti alisema atahamia choki ya katikati, atasubiri ndege aliyejitenga na wenzake, na akikosa basi amekosa. Fundi naye alisema atawafungia njiwa wake kila asubuhi ambayo Mama Alizeti anapiga. Ila lazima ajulishwe.

"Nitakupigia simu," alisema Mama Alizeti.

Ndivyo simu zilivyoanza. Mwanzoni zilikuwa fupi, za kazi: leo napiga, fungia. Haya, nimefungia. Halafu ikawa leo napiga, na mweupe anaendeleaje? Halafu dada alianza kuona kwamba mdogo wake anatoka na simu mpaka kwenye ngazi za nyuma, chai inapoa ndani, naye anacheka peke yake huko nje kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haijaisikia kwa muda mrefu. Kuna asubuhi njiwa-mwitu walikula wakashiba, wakaondoka, naye bado yuko kwenye ngazi akisimuliwa habari za pampu ya kisima iliyotolewa chura ndani.

Alizeti zilivunwa. Mabua yalibaki yamesimama makavu, na njiwa-mwitu wakahamia kwa wengine. Bunduki ilisafishwa, ikapakwa mafuta, ikafungiwa kabatini. Asubuhi iliyofuata Mama Alizeti alikwenda kwenye ngazi kama kawaida, akakaa, akapiga.

"Lakini si umeshavuna?" Fundi alishangaa. "Leo unapiga nini?"

"Sipigi kitu," alisema. Alitazama shamba tupu, moyo ukimwenda mbio kama msichana. "Nimekupigia wewe."

Upande wa pili akasikia spana ikiwekwa mezani taratibu, na Fundi akamwomba asubiri palepale alipo. Alikuwa njiani anakuja, ila kwanza avue ovaroli.