Dada Yangu Dirishani

Nilisikia gitaa kabla sijaliona duka. Lilitoa mlio mmoja mfupi, likaurudia, likaurudia tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, nikajua ni santuri iliyokwaruzika na sindano imenasa. Nikaegemea ukuta nikapumua. Jirani wa shangazi alikuwa ameniambia: "Fuata muziki. Dada yako yuko hapo hapo karibu, kwenye kioo cha duka, magoti nje, anamchekea kila apitaye." Aliyasema hayo asubuhi huku akichota maji, tena kwa sauti, kama anayesimulia sinema.

Na baba alikuwa anakuja siku hiyo hiyo kwa treni kutoka Usinge.

Dada alikuwa anasomea uuguzi pale Tabora, na safari yake ya kwenda chuoni ilikuwa imebishaniwa nyumbani msimu mzima wa kilimo. Baba zangu wadogo walikuwa wameshamtafutia mume, mkulima wa tumbaku wa Goweko, mtu mwenye mabani yake mwenyewe ya kukaushia. Baba, mzee wa kanisa asiyependa kelele, aliwakatalia ndugu zake, lakini alimwambia dada mbele yetu sote: "Siku nitakapokuona umevaa kama wale wa magazetini, utarudi na treni ile ile iliyonileta." Baba alikuwa mtu wa kutimiza. Miaka ile hata vijana wa chama walisimama njiani wakipima kwa macho urefu wa magauni na upana wa suruali, wakisema nchi inayojenga ujamaa haivai hivyo. Picha moja tu kwenye kioo ingetosha kumpeleka dada yangu Goweko.

Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kutoka chuoni siku za kazi. Shangazi ni dada wa baba, hakuambilika. Nilibaki mimi, na mimi nilikuwa na mguu mmoja na nusu. Juzi yake nilikuwa nimekanyaga msumari uani, ukazama katikati ya unyayo. Zahanati walinisafisha, wakanidunga sindano, wakanifunga bendeji nene kama mto wa mtoto, wakasema nikanyagie kisigino. Shangazi akanipa katambuga moja ya marehemu mumewe, kiatu cha tairi kipana ambacho bendeji iliingia bila kubanwa. Mguu mzima nilivaa kandambili. Nilipotembea, upande mmoja ulipiga pa, upande wa pili ukaburuza, na kila hatua ya pili moto ulipanda mpaka kwenye goti.

Nilipenda mtaa ule kuliko kitu chochote duniani, nami nilikuwa sijawahi kuupita bila kutumwa. Duka la santuri lilikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa watu ambao sikuwahi kuwaona wakinunua. Walisikiliza tu. Mwenye duka, mzee wa mjini mwenye kofia ya kufuma, alikuwa anaipuliza sindano ya gramafoni kwa upole wa mtu anayempulizia mtoto kijiko cha uji. Ukutani zilining'inia karatasi za santuri zenye picha za wanamuziki: mashati ya maua, suruali za bugaluu zilizopanuka chini kama tarumbeta, nywele duara kama jua la asubuhi. Nikasahau mguu. Kwa muda nikamsahau hata dada.

"Shikamoo, mzee. Kuna picha ya msichana…"

"Marahaba. Hapa tunauza sauti, mwanangu, si wasichana," alisema, na benchi zima likacheka. "Umekanyaga nini?"

"Msumari."

"Basi kaa. Hii ikitengemaa, mguu utapoa wenyewe."

Nikakaa. Gitaa likajinasua, likakimbia, besi ikalifuata taratibu kama ng'ombe nyuma ya mchungaji, na jambo la ajabu ni kwamba mguu ulipoa kweli. Ningekaa pale mpaka jioni kama nisingesikia, mbali upande wa stesheni, honi ya treni.

Nikainuka vibaya na maumivu yakanikumbusha kwamba nina mwili.

Duka la pili lilikuwa la fundi cherehani. Alikuwa amebandika ukuta mzima kurasa za magazeti: wanawake wenye miwani ya jua, wanaume wamepanda raizoni, vile viatu vyenye soli nene kama tofali. Mlangoni alikuwa ametundika kaptula za shule na sare za kijani, na bugaluu alizificha nyuma ya pazia.

"Kaka, unamjua msichana mmoja yuko kwenye kioo hapa mtaani?"

Akaacha kukanyaga cherehani. "Wa miwani? Aliyekalia kiti cha kuzunguka? Nani asiyemjua! Wiki hii wamekuja wawili wanataka gauni kama la yule. Nimewaambia nitashona, ila wakikamatwa nalo barabarani wasinitaje." Akanitazama. "Mbona unalia?"

"Mguu," nilisema.

Akanyoosha kidole kuvuka barabara.

Nilimwona kabla sijafika. Picha ilikuwa na ukubwa wa daftari, katikati ya dirisha la studio, na wengine wote, maharusi, wanajeshi, watoto wa kipaimara, walikuwa wamepangwa kumzunguka kama wageni wake. Gauni liliishia juu ya magoti. Miguuni alivaa raizoni, usoni miwani ya jua iliyosukumwa juu ya paji, na nyuma yake palichorwa ndege inayopaa. Lakini kilichonishika hakikuwa magoti. Alikuwa anacheka kwa kinywa kizima, kichwa kimeenda nyuma kidogo. Nyumbani tulikuwa tumelala kitanda kimoja miaka yote, na kicheko kile sikuwahi kukiona.

Mlango wa studio ulikuwa na springi kali. Uliniachia niingie, kisha ukajipiga nyuma yangu kwa kishindo kilichotikisa vioo.

"Karibu, karibu! Mguu umeutoa wapi huo?" Mpiga picha alikuwa kijana mwenye tumbo la mzee, kalamu nyuma ya sikio. "Umetokea wapi wewe?"

"Kwa shangazi. Ila kwetu Usinge."

Macho yake yakawaka. "Mnyamwezi! Mnyamwezi anachechemea! Ee Mungu, nimeishi kuyaona. Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani bila kiatu, wewe umeshindwa kubeba bendeji?"

Nikajua ni Mzaramo kabla hajasema. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walifika kwao na mizigo begani na nyayo zimepasuka, wakatukanwa, wakapewa maji na mahali pa kulala, na aliyefia huko alizikwa na hao hao waliomtukana. Mtani hakasirikiwi. Na mtani akikitwaa kitu chako, kimekwenda.

Ila siku ile sikuwa na moyo wa utani. Nilimweleza yote bila kupumua: dada, chuo, mabani ya Goweko, treni, baba. Nikamwomba aiondoe picha.

Akasikiliza, akakuna shingo. "Gauni ni la studio. Viatu vya studio. Hata miwani. Yeye alileta kicheko tu, na kicheko hicho ndicho kinacholeta wateja. Siwezi kumpa mtu ile picha." Akageuka, akaanza kufuta kamera ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akasema, bado amenipa mgongo: "Mtu akija kuomba, nitamkatalia. Wewe uliona wapi mtani anaomba?"

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikapanda dirishani.

Nilipanda kwa goti, nikauvuta mguu mbovu nyuma yangu, nikasimama katikati ya maharusi na wanajeshi. Mpiga picha akaanza kupiga kelele, "Mwizi! Mpagazi kaniibia! Jamani Tabora nzima tokeni!" huku akicheka mpaka kalamu ikaanguka. Nikaing'oa picha. Nikainua kichwa. Ng'ambo ya barabara, kapu begani na kofia yake ya safari kichwani, amesimama baba, ananitazama mimi niliyesimama ndani ya kioo.

Alishuka barabarani kuja. Kilichotuokoa ni salamu. Mzee mmoja wa kwetu alimkuta katikati ya njia, na watu wa kwetu hawasalimiani kwa neno moja: waliulizana ya nyumbani, ya watoto, ya mvua, ya ng'ombe, kisha wakarudia kwa Kinyamwezi yale waliyokwisha kuulizana kwa Kiswahili. Baiskeli zikawapita kulia na kushoto.

"Ni yeye?" mpiga picha alinong'ona. Hakuwa anacheka tena.

"Ni yeye."

Akanikalisha kwenye kile kiti cha kuzunguka. Nilifungua bendeji, nikaikunja picha kuuzunguka unyayo, uso wa dada ukiangalia nje ili asiguse kidonda, tukaanza kufunga juu yake, yeye akishika, mimi nikizungusha. Karatasi ilikuwa ngumu, ikanibana mahali pale pale pa msumari. Nikauma mdomo. Mlango ukafunguka, ukajipiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akavua kofia, akatazama ndege iliyochorwa ukutani, akanitazama mimi. "Nimekuona dirishani. Ulikuwa unafanya nini?"

Mpiga picha alinitangulia kujibu.

"Nilikuwa namuuza, mzee wangu. Lakini wamemkataa. Wanasema mguu mmoja haufanyi kazi."

Uso wa baba ukajifunga. "Wewe mtu wa wapi?"

"Kisarawe."

Ukafunguka. Sijui kama nimewahi kuona uso wa baba ukifunguka haraka kiasi kile. "Aa! Ndiyo maana. Mzaramo wa kukaa kivulini anapiga watu picha, wenzake wanalima. Kwenu shamba mnalima lini, kati ya ngoma na ngoma?"

"Tunalima mkishamaliza kutubebea mizigo."

Baba alicheka. Kisha, kwa kuwa alikuwa baba, akachuchumaa mbele yangu na kuushika mguu. Pale kijijini yeye ndiye aliyekuwa akitoa miiba na kusafisha vidonda vya wote. "Nani amekufunga hivi? Hii si kazi ya zahanati. Imelegea. Ngoja niione."

Akaipata ncha ya bendeji. Niliuona ukucha wake ukiitafuta chini ya mkunjo. Nilimfikiria dada akiwa wodini na kofia yake nyeupe, anapima joto la mtu, hajui kwamba maisha yake yameshikwa kwa vidole viwili.

"Mzee!" Mpiga picha aliruka akaziba pua. "Usifungue kidonda cha Mnyamwezi humu ndani! Nikifa kwa harufu, utanizika wewe, na kwa mila utaninunulia sanda!"

"Nitakuzika," baba alisema, "na kaburi nitalichimba fupi, maana nakuona una tumbo tu." Lakini mkono wake ulikuwa umesimama.

"Tena umeingia kwangu mikono mitupu." Akalipokonya kapu begani kwa baba, akapekua, akatoa kibuyu cha asali ya msituni kwetu, akakikumbatia. "Hii faini."

"Asali hiyo ya binti yangu!"

"Ilikuwa."

Baba alisimama kudai chake, ndipo akauachia mguu. Walivutana kidogo, wanaume wawili wazima, wakitukanana babu zao, na nje watu walikuwa wamesimama kutazama. Baba akashindwa kama ilivyompasa kushindwa. Alikuwa na machozi ya kicheko. Mimi nilikuwa na machozi tu.

"Haya," alisema, akivaa kofia. "Asali imekwenda. Basi nitampelekea dada yako habari peke yake. Nimewaambia baba zako wadogo wamwache yule wa Goweko aoe kwingine. Binti yangu atamaliza masomo." Akaniangalia mguu kwa mara nyingine. "Wewe pumzika hapa kwa mtani, kisha nenda kwa shangazi yako polepole. Usiku nitaifungua nikufunge vizuri."

"Ndiyo, baba."

Alipofika mlangoni akasimama kando ya dirisha. Katikati ya maharusi na wanajeshi kulikuwa na pengo la mraba, kitambaa cheusi ambacho jua lilikuwa halijakipausha.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na picha yangu nzuri kuliko zote," mpiga picha alisema. "Mtani kaitwaa."

"Basi usiidai," baba alisema, akatoka. Mpiga picha hakuthubutu kushusha kibuyu, nami sikuthubutu kuushusha mguu, mpaka springi ikauvuta mlango na ukajipiga nyuma yake.