Mkono wa Shaba

Yaya, dada yangu mkubwa, alijipaka krimu za kung'arisha kwa miaka mingi, mpaka ngozi yake ikawa nyembamba kama utando wa maziwa. Ngiri ya tumbo ilipomlazimu kupasuliwa, daktari alimbonyeza, akasema ngozi hii haitashika uzi. Aache krimu, angoje ikomae.

Sikusomea udaktari, husoma peke yangu. Nilijifunza kwamba peptidi ni vipande vifupi vya protini, na kwamba baadhi huichochea ngozi ijijenge upya. Mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu Kaskazini aliniletea chupa za aina mbili kwa kuzungukia nchi jirani, hadi mpakani Kasumbalesa: ya buluu, iliyofungamanishwa na shaba, na nyeupe, iliyofungamanishwa na mafuta ili ipenye. Kabla ya kugusa tumbo nilitaka kuzilinganisha. Mkono wa kulia wa Yaya shaba, wa kushoto nyeupe.

"Shaba?" Yaya aliuliza. "Ile yenye ilikulaka mikono ya baba ku usine, njo unaniletea?"

"Ilikuwa asidi ya kiwandani, Yaya. Si shaba."

"Enda umuambie baba."

Baba tulikuwa tumemzika zamani. Hata hivyo aliunyoosha mkono.

Kila Jumapili nilibana ngozi na kuiachia. Ya kulia ilianza kurudi mahali pake. Ya kushoto ilichelewa. Huenda ni shaba, huenda ni kule kuacha krimu tu. Nilihitaji muda zaidi. Ndipo vita vikauchukua mji wa yule mfanyabiashara, bohari lake likaporwa, na chupa zikakoma kuja.

Yaya alipoona zimebaki kidogo, alifanya kama wanawake wote wa mtaa wetu wa Kamalondo, ambako hakuna krimu inayopakwa peke yake. Nilimkuta akikoroga chupa zote mbili katika sufuria moja, pamoja na krimu yake ya zamani.

"Kintu moja-moja iko na nguvu gani, mudogo? Nimezioza, zikuwe bibi na bwana."

Alijipaka mchanganyiko ule mwili mzima, tumbo pia. Kisha ngiri ikajinyonga, utumbo ukabanwa ndani yake, na hapakuwa tena na kungoja. Madaktari walimpasua, wakashona, uzi ukakata ngozi. Wakashona kando yake, ukakata tena. Kidonda hakikufunga.

Msibani kwake shangazi zetu waliupaka mwili wake mabaki ya sufuria ile, kwa kuwa aliipenda krimu yake. Chumba kizima kilinuka krimu. Walipotoka, niliibana ngozi ya mkono wa kulia na kuiachia, kisha ya mkono wa kushoto.

Hakuna iliyorudi.