Ridhaa ya Wanawake wa Patsy

Miaka ile ya mapinduzi, uhuru ukiwa bado mbichi, wizara ilinitoa Moroni, kwetu Ngazidja, ikanipeleka Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, kupima ardhi. Nilipanga chumba katika mji wa kale, kwenye kichochoro ambamo watu wawili wakikutana, mmoja lazima abanane na ukuta. Mara nyingi aliyebana ukuta ni mimi. Lafudhi yangu ya Kingazidja iliwachekesha majirani, lakini hakuna aliyenikaribisha ndani. Nilikula peke yangu miezi mingi, hata siku ya Idi. Upweke ule sijaupata tena.

Kazi yenyewe ilikuwa Patsy, kijiji cha juu mlimani. Kilimo kilikuwa kinaikausha chemchemi yao, na serikali ilitaka wakubali kuyaacha mashamba yaliyoizunguka yarudi kuwa msitu, wapewe mengine chini, kwenye shamba la milangilangi, maua ya manukato, lililokuwa la kampuni ya wakoloni. Wakikataa, kamati ya vijana wa mapinduzi ingeyachukua kwa nguvu. Nikafanya mkutano msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Wanaume wote wakatia sahihi, nami nikateremka nikijiona hodari.

Mjinga mimi! Wiki iliyofuata nilikuta vigingi vyote nilivyochomeka kupimia mashamba vimeng'olewa na kupangwa vizuri mlangoni mwa msikiti. Mashamba yale yalikuwa ya wanawake. Na mimi nimelelewa kwenye manyahuli, ardhi ambayo kwetu Ngazidja hutoka kwa mama ikaenda kwa binti. Nilijua fika, ila nilikuwa afisa, na maafisa tulizoea kuzungumza na wanaume.

Nikapanda tena kuomba radhi. Wanawake walinikalisha uani, sufuria ya muhogo ikichemka, wakanisikiliza asubuhi nzima. Mwishowe mkubwa wao, bibi mwenye macho makali, akasema:

"Tutakubali, mwanangu. Lakini tuambie kwanza. Manyahuli ya kwenu ilipopimwa, nani alitia sahihi?"

Barabara mpya ilikuwa imemeza shamba zima la migomba la mama yangu, manyahuli yake. Karatasi ya ridhaa ililetwa ofisini kwangu Moroni, mimi mwanawe mkubwa, nikaitia sahihi nimesimama. Mama sikumwuliza.

"Mama yangu, koko," nikamjibu, kwa jina tunalowaitia bibi zetu.

Wakachovya vidole kwenye wino, mmoja baada ya mwingine. Kisha wakanipakulia muhogo na samaki, chakula cha kwanza nilichokula na watu tangu nifike kisiwani. Niliona aibu hata kutafuna.

Nilipopata likizo nikarudi Moroni. Mama alinipokea kwa furaha, akaniuliza habari za Ndzuani, nimekonda kwa nini. Habari za shamba hakuzitaja. Kesho yake akaniomba nimshikie kikapu, tukaenda soko la Volo Volo, na pale, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilimwona mama akiuliza bei ya ndizi.